Kupoa si Kupona

Saa kumi na moja alfajiri nachuchumaa bandani
na kuuweka mgongo wa kiganja
juu ya mguu wa Zumuridi, wa mbele, wa kushoto,
chini ya goti, hapo kano inapopita
kama kamba ya ndoo ya kisima.
Kiganja hudanganya; mgongo wake haudanganyi.
Nagusa wa kulia, narudi wa kushoto.
Yote miwili ni baridi.
Nagusa tena, kama mtu anayehesabu fedha
akitumai zimepungua.

Wiki kumi na tisa.
Sita za kwanza hakutoka bandani,
akautafuna mlango hadi ukaota meno.
Kisha kutembea: dakika tano, dakika kumi,
Shahdad mbele na kamba, mimi nyuma nikitazama kwato,
tukiizunguka mitende kama watu waliopoteza ufunguo.
Kisha telki, kwenye ardhi ngumu.
Hachechemei, asema Shahdad. Kichwa hakipandi, hakishuki.
Lakini Shahdad anampenda,
na mimi nataka kuamini. Mashahidi gani hao?

Daktari Anupama alikuja Jumatatu na mashine yake,
akanyoa manyoya, akapaka ute,
akanionyesha kwenye kioo kidogo:
palipokuwa na tundu jeusi, kubwa kama kokwa ya tende,
sasa pana kijivu.
"Si nyeusi," nikasema.
"Si nyeupe," akasema.
Akanywa kahawa vikombe viwili, akakitikisa cha tatu.
"Mimi nasoma picha. Ijumaa ni yako."

Ijumaa ni ardha.
Farasi wawili wawili, bega kwa bega, kwa shoti,
na wapandaji wameshikana mikono juu ya vumbi.
Miaka saba mkono wangu wa kulia ni wa Yaqdhan.
Hakuna kombe, kuna macho ya Ibra nzima.
Kombe ungeliacha. Macho utayaacha wapi?

Mama ameshaing'arisha mikufu ya fedha ya farasi
kwa majivu na ndimu.
"Kwani mguu si umepoa?" aniuliza, kwa Kiswahili chake cha Unguja
ambacho nusu karne ya jangwa haijakikausha.
Umepoa, mama. Kupoa si kupona.
"Basi si herufi moja tu hiyo!"

Herufi moja.
Nami ninayo ambayo sijamwambia mtu.
Siku tatu kabla ya kano kukatika nyuzi,
Zumuridi alipunguza mwendo, mara moja,
kama anayetaka kuuliza jambo.
Nikamjibu kwa kisigino.

Alhamisi usiku nikamwandikia Yaqdhan: *Tafuta mwenzako.*
Nikafuta. Nikaandika. Nikafuta.
Saa saba nikatuma, nikaigeuza simu uso chini.
Alijibu kwa kidole gumba, basi.
Mpaka leo sijui kama kilikuwa ruhusa au hukumu.

Ijumaa, ngoma zilipoanza kule uwanjani,
tulikuwa kwenye falaji, mimi na yeye,
maji yakitupita magotini pangu, chini ya magoti yake,
samaki wadogo wakimdonoa kwato.
Masikio yakasimama. Ngozi ikamtetemeka begani
kama maji yaliyorushiwa changarawe.
Anaijua ngoma ile. Akaanza kuchezacheza,
akaivuta kamba, akanitazama kwa jicho moja, kubwa, jeusi,
na ndani yake nikajiona mdogo, nimekunja kanzu.

Mwakani, nikamwambia.
Lakini farasi hana mwakani.
Ana sasa, na ana shayiri.

Kelele zikapanda: jozi ya kwanza imetoka.
Nikageuza uso nisisikie nani amemshika mkono Yaqdhan,
na hapo hapo Zumuridi akasogea
akanikanyaga kidole,
kwa mguu wa mbele, wa kushoto,
kwa uzito wake wote,
akatulia juu yake, hana habari,
nami sikumsukuma.