Barabara Inayopashwa

Saa nane usiku, kusini-magharibi mwa Uholanzi,
nchi iliyo chini ya bahari, na inajijua,
mashine inakwenda polepole kuliko kobe mwenye mzigo.
Jikke ameushika usukani kwa vidole viwili,
macho kwenye kipimajoto, si barabarani.
Barabara haina la kutazamwa:
nyeusi, nzima, imenyooka,
imekunywa mvua ya jioni na kunyamaza.

Ndani ya lami hii walichanganya chuma,
nywele za chuma, fupi, laini,
ndugu wa zile za kusugulia masufuria.
Miaka saba zimelala gizani kati ya kokoto
bila kazi, kama walinzi wa benki isiyoibiwa.
Usiku huu koili inapita juu yake, haigusi,
na kila unywele unashika moto kutoka ndani,
unampasha jirani yake,
na lami iliyokakamaa inakumbuka
kwamba iliwahi kutiririka.

Hakuna mwali. Hakuna moshi wa kusimulia.

Asubuhi madereva watapiga simu.
"Mmefunga njia usiku kucha, mmetengeneza nini?"
Mhandisi Hadewych ana jibu, ameliandika, amelichoka:
tumeziba nyufa nyembamba kuliko kope.
"Mbona sikuziona?"
Ndiyo maana tulikuja, bwana.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Walisema kweli, ila walimpa ufa muda
wa kuonekana, wa kuitwa ufa.

Basi akaja Krijn Wisse kwa baiskeli,
taa ya mbele imekufa, chupa ya kahawa kwapani,
miaka thelathini na nane ya sepetu mgongoni
na kwenye kiganja cha kushoto kovu:
lami ya mwaka wa baridi kuu, ilimbusu ikang'ang'ania.
Alisimama penye koni za rangi ya chungwa.
"Mmeziba wapi?"
Jikke akanyoosha kidole: hapo.
"Sioni kiraka."
"Hakipo."
Mzee akacheka kidogo, kicheko cha mtu
ambaye maisha yake yote yalikuwa viraka.

Maana viraka vyake anavijua mmoja mmoja.
Kile cha karibu na daraja, siku aliyozaliwa Neeltje.
Kile cha pembe nne alikichimba na Bram,
na Bram akagongwa na lori wiki iliyofuata, palepale,
koni zikiwa zimepangwa sawasawa.
Ukipita kwa gari, tairi husema "duk", mara mbili,
na Krijn, kwenye kiti cha abiria, huvua kofia.

Barabara hii haitasema kitu.
Itapona, isikumbuke ni mkono wa nani.

Akapiga goti, taratibu, goti lenyewe lina ufa wake
na hakuna koili ya kulipitia.
Akalaza kiganja, kile chenye kovu,
palipopita mashine.
Lami ilikuwa vuguvugu, kama kiti
ambacho mtu ameinuka sasa hivi.
Aliuacha mkono pale. Jikke aliangalia saa:
mita mia nne bado, na alfajiri haina ndugu.

"Redioni walisema inajiponya yenyewe."
"Haijiponyi," Jikke akajibu. "Lazima mtu aje na joto.
Lazima aje mapema. Akichelewa, kokoto zimeshang'oka,
zimevunja vioo vya watu, na hapo
tunakuita wewe."
"Mimi nimestaafu."
"Basi ndiyo hivyo."

Wakanywa kahawa kwa kifuniko kimoja.
Saa kumi na moja koni zikaondolewa.
Lori la kwanza, la kome, maji yakichuruzika nyuma,
likafika kwenye pembe nne za Bram,
pembe ambazo lami mpya ilizifunika miaka saba iliyopita,
likapita kimya.
Na Krijn, aliyekwisha kuishika kofia,
akabaki ameishika.