Chupa ya Kumi na Mbili

Usiitoe kwenye baridi ukaimimina papo hapo.
Iache mezani ipumue, ipate fahamu,
alisema Reino kila mwaka,
kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye haya.

Basi tumeiacha.
Nje, Marquette imefukiwa na theluji,
ziwa limeganda hadi upeo wa macho,
na gati la madini, alikozeekea kazini,
limesimama jeusi, halina meli.
Tuko wanne jikoni kwa Lempi:
Lempi mwenyewe, mjane wa miezi minane;
Delbert na daftari lake;
Oskar, aliyelileta pipa kutoka Kentucky
ndani ya pikapu, kalifunga mkanda kama abiria,
bado linanuka wiski hadi macho yakamlowa njiani;
na mimi, niliyekoroga shayiri mpaka mabega yakawaka
usiku ule tanuri la nyumba lilipozima
tukapika bia gerejini, nusu kwa kiu, nusu kwa baridi.

Mwaka mzima ililala ndani ya mwaloni.
Kisha Reino akatenga chupa kumi na mbili chini ya ngazi:
moja kila Januari, na asiguse mtu.

Kifuniko kimetoa pumzi tu, hakikulia.
Inashuka polepole, oili chakavu ya trekta,
nyeusi; lakini ukiinua glasi kwenye taa
ukingoni kuna wekundu, hina inayoanza kufifia.
Povu la rangi ya chai ya maziwa
limekaa kidogo, limeaga.

Januari ya tatu ilikuwa chokoleti chungu, basi.
Ya tano, tumbaku, plamu kavu, ngozi ya tandiko.
Ya saba (Delbert anasoma)
*vanila, mbao iliyoungua, sukari guru iliyoshika sufuria,
wiski inaingia nyuma, haibishi hodi.*
Siku hiyo Reino alichungulia daftari, akasema:
Umesahau chumvi.
Tukaonja tena. Ilikuwepo.

Sasa hii.
Tunanusa. Tunaizungusha kinywani, hatuna haraka.
Kahawa kwanza. Halafu mwaloni.
Halafu, kwenye pembe za ulimi,
siki.

Oskar anachunguza dari.
Delbert ameandika *ina mengi*, kalamu imekwama hapo.
Mimi nameza, natikisa kichwa kwa heshima
kama mtu aliyehudhuria ibada ya lugha asiyoijua.
Nani atamwambia?

Lempi anakunywa. Anafyonza meno.
"Imechacha," anasema.
"Subira huvuta heri, eti. Yetu imevuta siki."
Na anacheka, jamani, anacheka mpaka anashika meza,
nasi tunacheka kwa kuchelewa, kwa aibu,
kisha kweli kweli.
"Reino angeimwagia nyama, asiseme neno,
halafu atusifie mchuzi."
Anainuka, anafunua sufuria jikoni,
anamimina chupa yote juu ya mbavu za ng'ombe;
mvuke unapanda na harufu ya gereji ile,
ya miaka yote kumi na mbili kwa mpigo.

Glasi yake hakuimwaga.
Ameikumbatia kwa viganja viwili, inapata joto,
anaionja tena, kidogo, kijiko kizima hakifiki,
amefumba macho.

"Delbert," anasema. "Andika chumvi."