Blanketi la Friji

Fundi Loishiye wa Unga Limited
alinichorea kwenye boksi la betri kwa kipande cha mkaa:
paneli juu, waya mwekundu, waya mweusi,
kontrola, betri, friji.
"Mama Ndeshi, jua ni mshahara," alisema,
"betri ni kibubu. Friji ndiye mtoto anayekula."
Nikamlipa nusu. Nusu ya pili ananidai mpaka leo.

Hiace yenyewe ilikuwa ya zahanati.
Maandishi ya ubavuni yamekwanguliwa,
lakini ukipitisha vidole bado unayasoma.
Nimeng'oa viti sita, nimeweka godoro,
jiko la gesi, ndoo mbili,
na friji la volti kumi na mbili
waliloniachia Wazungu waliomaliza safari yao
kwa bei ya teksi ya kwenda uwanja wa ndege.

Miaka kumi na tisa nilipikia kambi za watu.
Nilijua barafu kama mtu anavyojua deni:
ukiondoka Arusha asubuhi ni mwamba,
ukifika Karatu ni maji yanayonuka samaki,
siku ya tatu nyama unaipaka limau, pilipili manga
na sala.
Mgeni anauliza, "Hii nyama ni ya mbuzi?"
Unajibu, "Ilikuwa."

Ndiyo maana siku nilipopata baridi yangu mwenyewe
niliifungua, nikaifunga, nikaifungua,
mpaka Loishiye akanifokea: "Unaimwaga!"

Ila hakuna aliyeiambia paneli habari za Julai.
Julai ya Ngaramtoni Mlima Meru hujifunika mpaka kidevuni.
Jua linafika kazini limechelewa,
linasaini daftari, linaondoka.
Siku ya kwanza taa ya kontrola ilikuwa kijani.
Ya pili, njano.
Ya tatu nilipanda juu ya gari kufuta paneli kwa khanga
kana kwamba lile wingu ni vumbi.

Ndani: kilo tano za mbuzi wa kipaimara cha watu,
siagi, lita tatu za mtindi,
na kopo la mtori alilonifungia dada Aikande,
ambaye hajanisamehe kulala garini uani kwake
na chumba kipo.

Saa tisa usiku mtambo ukakohoa. Ukakohoa tena.
Taa nyekundu.
Kisha kimya.
Nimewahi kulea mtoto mwenye pumu;
nakijua kimya kinachokurusha kitandani.

Injini ingesaidia, lakini dizeli ilikuwa ya kufika sokoni tu,
na majirani wamelala.
Nikavua blanketi langu, lile zito la mistari,
nikalivisha friji,
nikachomekea pembeni kama mtu anayemlaza mgeni.

Ukisimulia, watu wanacheka:
umefunika baridi isipate baridi?
Lakini blanketi halina upande.
Halijui joto, halijui barafu,
linatunza ulichokikabidhi.
Miaka yote lilinitunzia joto
kwa kuwa sikuwa na kingine cha kulipa.

Nikajikunja ndani ya koti la mvua, magoti kifuani,
meno yakigongana kwa niaba ya mbuzi.

Alfajiri Aikande akaja na chai.
Akachungulia dirishani, akaniona mimi,
akaliona friji limevaa,
akasimama na kikombe, hajui ampe nani.

Hatukusema kitu.
Saa nne na ushee wingu lilipasuka
upana wa sufuria, si zaidi.
Njano. Mtambo ukaguna kama mzee aliyeamshwa.
Nikapenyeza mkono chini ya blanketi, nikainua mfuniko kidogo:
nyama ilikuwa baridi
kushinda vidole vyangu, na si kwa mbali.

Nikafunga upesi.
Chai ilishapoa. Niliinywa hivyo hivyo.