Hela ya Soda

Siku ya tatu chemba ilipocheua,
maji ya mchicha ya Mama Anyelwisye yakaibukia bafuni kwangu
yakiwa yameandamana na marafiki,
wapangaji wa milango saba tukakaa kikao,
kila mtu kaziba pua kwa upindo wa nguo,
kila mtu anamjua mkosaji, na si yeye.

Manyoya ya kuku, alisema Sikudhani.
Nywele za bandia, akajibu mwenye kuku.
Tukachanga. Elfu kumi na tano kila mlango.
Daftari nikapewa mimi, eti nina mwandiko.

Gari la kunyonya liligoma barabarani:
uchochoro wetu wa Manzese hata bajaji hupita kwa kuomba radhi.
Ndipo akaja Fundi Mwinshehe na guta lake,
madumu kumi na mawili, pampu ya mkono,
chuma kirefu kilichopinda ncha kama swali,
mabuti yenye viraka vya tairi.
Hakuziba pua.
Aliinamia chemba kama daktari anayesikiliza kifua.
"Hii haikuziba jana," akasema. "Hii imenyamaza siku nyingi."

Nikamvuta pembeni. Mweka hazina ni mimi,
naujua uchungu wa shilingi isiyo yangu.
"Fundi, laki nzima? Wingu lile unaliona?
Toboa hapa ukutani. Mvua ikishuka usiku,
litapike.
Asubuhi nani atauliza?"

Alikuwa akivaa glovu. Akaishia kidole cha tatu.
"Mimi nakaa Tandale, bondeni.
Mkitapisha huku juu, mnatapikia kizingiti changu."
Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayetaja namba ya nyumba.
"Aprili ya mwaka jana yalikuja usiku.
Godoro liliamka kabla yetu.
Binti yangu alikuwa na miezi miwili;
tukamlaza kwenye karai, karai juu ya kabati,
mama yake akalishikilia mpaka adhana ya alfajiri."

Nikatazama daftari.
Ukurasa wa Aprili ile upo. Wino wa bluu, mwandiko wangu uleule:
*Kutapisha. Kijana na sururu. Elfu ishirini.*
Nikalifunga. Nikasema, "Basi, fundi, endelea."

Akaendelea.
Yakatoka manyoya (ndiyo) na nywele za bandia (ndiyo),
tambara la deki, nusu ya kitana,
soksi ya shule, kijiko tulichogombania Idi.
Kila kilichotoka kilikuwa na mwenyewe
na kila mwenyewe, ghafla, alikuwa na shughuli ndani.
Bomba halina umbea,
ila likiulizwa linajibu.

Saa nane maji yakashuka kwa mlio mmoja mzito,
kama koo linalomeza neno.

Alikagua vifuniko vya madumu kimoja kimoja,
akayafunga kwa mpira, akayarudia tena,
kwani safari ya mabwawa ya Vingunguti ni ndefu
na njiani kuna milango ya watu.
Nikampa laki yake. Nikaongeza ile elfu tano iliyobaki.

"Hii ya nini?"
"Ya soda."

Akanitazama. Akalitazama na daftari, kwapani pangu.
Akaikunja noti mara mbili, akaitumbukiza
kwenye mfuko wa shati langu, taratibu,
kama anayerudisha kitu alichokiokota.
"Nunueni mfuniko wa chemba. Huu una ufa."

Usiku ule mvua ikaja kweli.
Nililala macho, nikiyasikiliza maji yakiteremka kuelekea Tandale.
Ni ya mbinguni matupu, nikajiambia.
Ya mbinguni matupu.

Mfuniko niliununua kesho yake, elfu kumi na nane.
Wapangaji hawakuchangishwa.
Daftarini sikuandika.