Volti Tisa

Mchana napima chumvi Gongoni,
magunia ya kilo hamsini, mzani mbele yangu, kalamu sikioni.
Jioni chumvi ileile inanifuata mpaka Maweni,
inaingia kwenye tundu la waya la gitaa langu
na kuota kutu ya kijani, kama mkate uliosahauliwa.
Nikigeuza kirungu cha sauti: krrr, krrr,
mtu anakanyaga makumbi gizani.

Mume wangu anajua pedali tatu.
Ziko sita.
Ya nne imelala ndani ya debe la unga.
Ya tano iko kwa mama, kila wiki ananipigia:
"Njoo uchukue kitu chako hiki chenye jicho jekundu."
Ya sita sisemi.

Zote nilizinunua kwa kiapo kimoja: hii ndiyo ya mwisho.
Mlevi naye huapa vivyo hivyo, ila yeye angalau hulala.
Mimi saa saba za usiku niko macho, visikizi masikioni,
naongeza mkwaruzo unywele mmoja, napunguza nusu unywele,
natafuta sauti niliyoisikia mara moja tu
kwenye harusi moja Marereni, nyuma ya turubali:
nzito kama kasimile,
halafu mwishoni, ikishakaribia kukatika,
ikwaruze koo.

Jumapili tunakutana kwa Thoya, fundi wa friji,
kati ya kompresa zilizokufa.
Thoya anasema sauti ni waya wa ardhi, mengine porojo.
Mwalimu Msellem anasema sauti ni vidole,
na yeye mwenyewe ana pedali kumi na moja.

Leo Msellem amekuja na kijisanduku
kilichoshuka na basi la Mombasa, ndani ya kopo la kahawa,
kimevishwa soksi.
Cha njano. Jina limefutika, imebaki herufi moja
na mahali pa kisigino cha mwenyewe wa kwanza.
"Cha Mtaliano aliyefunga hoteli," anasema,
kama mtu anayetaja nasaba.
Tunakiweka kando ya cheusi cha zamani.
Ubishi. Chai inapoa. Ubishi.

"Nifungeni macho," nikasema.
Thoya akanifunga kwa leso yangu mwenyewe.
Nikapiga. Mguu wa Msellem: tak.
Nikapiga ileile. Tak.
Mara ya tatu nywele za mkono zikasimama.
"Hiyo! Usiguse kitu! Hiyo ndiyo kasimile.
Zile nyingine ni maji yaliyosalimiana tu na nazi."

Kimya.
Kisha Thoya akacheka mpaka akashikilia friji ya watu.
Nikavua leso. Jicho la njano limezimwa.
La cheusi limezimwa.
Lilikuwa gitaa, waya, na ile spika yake
iliyotafunwa na panya ukingoni.

Ningeweza kukwambia hapo ndipo nilipopona,
nikauza zote, nikaezeka jiko kwa bati.
Jiko bado ni makuti.
Nilimgeukia Msellem: cha njano, bei gani?
"Lakini Nyevu, si umesikia mwenyewe kwamba..."
Nimesikia. Bei gani?
Nikakipima kiganjani: gramu mia tatu na themanini.
Mkono wangu haukosei.

Usiku umeme ukakatika mtaa mzima.
Nikakaa sakafuni, nikafungua kifuniko
kwa ncha ya kisu cha samaki.
Mume wangu akajigeuza kitandani:
"Ni nini hicho?"
"Betri ya tochi."
Wala sikudanganya sana.
Nikaitoa, ile aliyoiacha Mtaliano,
nikaigusisha ulimi kama Thoya alivyonifunza.
Kwanza chumvi.
Kisha, chini ya chumvi, mbali,
bado inauma.