Sentimita Tatu

Mwalimu Lugembe alifuta Fizikia ya kipindi kilichopita
kwa mkono wa shati, akaandika nahau ya Kiingereza.
"Neno la kwanza ni kuanguka. La pili ni ufupi.
Ukiyaunganisha?"
Kasanda, dawati la nyuma, akajibu: "Kuanguka kifupi, mwalimu,
kama mtu aliyeteleza kwenye mawe ya Bwiru
akadakwa kabla hajafika chini."
Tulicheka mpaka kengele.

Maana yake, alisema, chaki ikimkatikia mkononi,
ni kutofikia.
Umetarajiwa pale, umeishia hapa.
Tungeni sentensi.

Yangu niliitunga miaka miwili baadaye,
matokeo yalipobandikwa:
Kemia, D, palipotakiwa C.
Baba alikuwa kwenye cherehani yake, Mlango Mmoja,
futi imemning'inia shingoni.
Hakuinua uso.
"Umeniangusha," alisema,
akaendelea na zipu ya watu.

Tangu siku ile napiga hesabu hii na haiishi.
Mwingereza asipofika
huanguka yeye, peke yake, tena anguko fupi.
Kwetu asiyefika hubaki wima
kama nguzo ya umeme,
anayeanguka ni baba,
ni mama,
ni shangazi wa Magu aliyeuza ndama kwa ajili ya ada.
Ukoo mzima uko chini
na wewe umesimama, huna pa kuweka macho.

Sasa niko kiwandani, mapokezi ya samaki.
Buti nyeupe, kofia ya wavu,
rula ya bati imepigiliwa mezani.
Sangara aliyetimia hamsini anapita.
Arobaini na saba, namsukuma kushoto.
"Dada, hebu mnyooshe mkia," ananibembeleza mtu wa Kome.
Namnyoosha.
Arobaini na saba.
Kuna wakati nilidhani kupungua ni namna ya kuokoka,
kwamba mfupi hurudishwa ziwani akakue.
Lakini huyu kalala kwenye barafu tangu alfajiri.
Jicho limeshaingia ukungu.
Sentimita tatu hazimrudishii pumzi.

Jumamosi napeleka mapanki nyumbani.
Mama anakaanga, baba anachokonoa kichwa
kwa ustadi wa mtu aliyezoea sindano.
Safari hii akauliza, kama anayeuliza bei ya uzi:
"Lile neno nililokuambia.
Waingereza nao wanalisemaje?"
Moyo ukanipiga. Nikasema wana jingine pia, baba,
wao husema umenishusha.
Akatafuna. Akatoa mwiba, akautazama kwenye mwanga.
"Kushusha? Hiyo si kazi yangu hiyo?
Gauni likiwa fupi unafanyaje? Unashusha pindo."

Akanawa.
Akaomba koti langu la kazini,
lile ambalo mikono yake haijawahi kufika vifundoni,
akaanza kufumua, uzi kwa uzi, kwa wembe,
chini ya balbu inayozimika ikitaka.
Hakuomba radhi.
Wala mimi.

Jumatatu koti lilifika.
Ila pale pindo la zamani lilipokuwa
umebaki mstari wa kijivu, kuzunguka mkono wote,
hautoki kwa jiki, hautoki kwa pasi,
na kila nikinyoosha mkono kumpima samaki
unakuwa wa kwanza kufika kwenye rula.