Uwanja wa Nambozo

Zamani nyumba hii ilikaa chini, kama kuku anayeatamia.
Kizingiti na uwanja vilikuwa kimo kimoja;
mtoto akitambaa alitoka nje bila kujua ametoka.
Leo napanda vidato vitatu kuingia kwangu
na msingi sikuuongeza hata tofali.
Udongo ndio uliokwenda.

Nambozo alifagia alfajiri, miaka thelathini na minne,
ameinama, mkono wa kushoto mgongoni,
akichora pinde kutoka mlangoni hadi kwenye mparachichi.
Kuku wa kwanza kuzikanyaga alitukanwa kwa Kimasaba.
Uwanja mweupe, walisema, ndio uso wa mwanamke.
Kisha saa tisa mvua ilishuka kutoka Wanale,
ikauchota uso huo, ikaupeleka Namatala.
Kesho yake alifagia uliobaki.

Sikusema kitu. Mimi ni koplo mstaafu,
nimezoea viwanja vya gwaride, visivyoota jani.

Tulimzika Aprili, nyuma ya migomba.
Agosti mvua ilipoanza kulilamba tuta lake
nilikwenda kwa Wamono wa kitalu, barabara ya Pallisa.
Akanipa njugu-maua, mche mmoja shilingi mia tano.
"Haizai cha kula," alisema. "Haipandi juu.
Kazi yake ni kulala na kushika."
Nilicheka. Nilidhani anasimulia lindo zangu za usiku.

Nilianzia kaburini, shubiri kwa shubiri,
nikashuka nayo hadi ukutani.
Wiki nane hapakuwa na kitu, ila magugu,
na magoti yangu yakilalamika kuliko mimi.
Mutonyi akachungulia juu ya ua:
"Afande, unafugia nyoka?"

Machi, kila fundo likashusha mzizi.
Likashika, likasogea, likashika.
Majani manne manne, kijani cha kiangazi na masika,
na maua ya njano, madogo kama vifungo vya shati.
Jioni majani hujifunga, jozi kwa jozi,
kama madaftari kengele ya shule inapolia.
Ukifunua chini utakuta baridi, na minyoo,
na udongo mweusi ambao sikuuona tangu tuoane.
Mvua sasa inapiga hodi kwanza.

Nimeacha ukanda mmoja, hatua mbili kwa upana,
kutoka mlangoni hadi kwenye mparachichi.
Huo naufagia mwenyewe, kwa ufagio wako uleule,
vibaya, mistari yangu imenyooka kama ya kambini.

Jana utambazi mmoja ulivuka mpaka
ukiwa na ua moja mbele, kama taa ya baiskeli.
Nikainua ufagio. Nikasimama.
Mwishowe nikafagia kuuzunguka,
na mstari, kwa mara ya kwanza, ukapinda.

Najua. Ungenitukana kwa Kimasaba,
kama yule kuku.